Turubai la Pili: Moto na Pumzi katika Mahema ya Rongui

Katika nchi za baridi kali, mwindaji anayelala hemani au ndani ya tela siku hizi hubeba kisanduku cha chuma kinachoshikika kwa mkono mmoja. Ndani yake mna tangi la dizeli la lita chache, pampu ndogo, feni na chumba cha kuchomea mafuta. Akikiunganisha na betri ya volti 12, plagi ya ndani huwaka nyekundu, pampu huanza kugonga tik, tik, tik, na baada ya dakika chache hema limepata joto. Hita za aina hii zilianzia kwenye malori na mashua za Ulaya. Kampuni mbili za Ujerumani, Webasto na Eberspächer, zilizitengeneza kwa miongo mingi kabla viwanda vya China havijatoa nakala za bei nafuu zinazouzwa sasa kila pembe ya dunia. Hoja ya makala haya ni kwamba kisanduku hicho kina jambo la kuwafundisha watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, hata wale wa kisiwa kama Rongui ambako hakuna anayehitaji joto lake. Jambo lenyewe ni ukuta mwembamba wa alumini ulio ndani ya hita, unaotenga hewa inayolisha moto na hewa inayolisha mtu. Ukuta huo haupo katika mahema na vibanda vya turubai vya pwani yetu, na kukosekana kwake kunaumiza watu kimyakimya.

Tazama kwanza kinachofanyika ndani ya hita. Moto huwaka katika chumba kidogo kilichofungwa pande zote. Bomba moja huvuta hewa kutoka nje ya hema na kuipeleka motoni, na bomba jingine, la chuma, hutoa moshi nje. Chumba hicho kimezungukwa na ganda la alumini lenye mapezi, na juu ya mapezi hayo ndipo inapopita hewa ya hema: inavutwa na feni, inapashwa joto, inarudi kwa mlalaji bila kukutana na moshi hata kidogo. Feni ya moto na feni ya hema huzungushwa na mota moja, lakini gasketi iliyo kati yake haiziruhusu hewa hizo kuchanganyika. Ndiyo sababu mtu anaweza kuchoma lita moja au mbili za dizeli usiku kucha, hatua mbili kutoka kwenye mto wake, akaamka salama. Na ajali za hita hizi zinapochunguzwa, mara nyingi dizeli yenyewe haina kosa. Kosa hukutwa kwenye kiungo cha ekzosi kilicholegea, kwenye gasketi iliyokatika, kwenye bomba lililoishia chini ya sakafu ya tela moshi ukapanda kupitia matundu ya nyaya, au kwenye mdomo wa ekzosi ulioelekezwa upepo unakotoka, ukarudishiwa moshi wake chini ya pindo la hema. Popote ukuta ulipovunjika, mtu alivuta alichochoma. Ndiyo maana hata mwenye hita mpya kabisa hushauriwa kuweka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na anapolala.

Msumbiji ina mahali ambapo hita kama hiyo ingefaa. Lichinga, mji mkuu wa mkoa wa Niassa, uko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi ya kweli. Mashariki yake, kando ya Ruvuma, iko Hifadhi Maalumu ya Niassa yenye kilometa za mraba zipatazo 42,000, na vitalu vya uwindaji vina kambi za mahema humo. Fuata mto huo hadi baharini, kisha shuka kusini kidogo kupita rasi iliyoupa mkoa wa Cabo Delgado jina lake, utafika Rongui, kisiwa kidogo cha upande wa Palma, si mbali na Vamizi. Hapa usiku wa kusi ni wa upepo na unyevu, lakini kipimo cha joto hakishuki sana chini ya nyuzi 20. Visiwa hivi vimezoeleka kwa dago, yaani kambi za wavuvi wanaohama na majira: Wamwani wa pwani hiyohiyo, wengine kutoka Nampula, na wengine waliovuka kutoka upande wa Mtwara. Wanaishi kwa wiki au miezi mahali ambapo si kwao, wakikausha na kubanika samaki juu ya chanja, wakisubiri bahari itulie. Nyumba yao ni ya kupita, na nyumba ya kupita hujengwa kwa kinachopatikana.

Kinachopatikana ndicho kilichobadilika. Kibanda cha makuti, chenye kuta za fito na paa linalopitisha hewa kila inchi, kimeanza kuachia nafasi turubai la plastiki. Sababu zinajulikana. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado kwa nguvu ambazo rekodi za nchi hiyo hazikuwa zimeonyesha kabla, na makuti ya pwani nzima yakapeperuka. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliwafikia hata watu wa visiwani. Septemba 2020 Vamizi yenyewe ilivamiwa, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya mji wa Palma. Mamia kwa maelfu ya watu walihama, wengi kwa mashua, wakashuka ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba au wakaishia kwenye makambi ya Metuge na Montepuez. Desemba 2024 kimbunga Chido kikaja kuzoa upya upande wa Mecúfi. Kila mara msaada uliofika haraka ulikuwa turubai, na ni haki kulisifu: ni jepesi, halivuji, hufungwa kwa kamba dakika chache kabla ya mvua. Lakini sifa hiyohiyo ya kutopitisha maji ndiyo inayofanya lisipitishe hewa. Anayelibana pembeni kwa mawe na mchanga ili kusi lisimtoe usingizini amejenga chumba ambacho mababu zake hawakuwahi kulala ndani yake.

Kisha moto unaingia. Unaingia kwa sababu mvua imeanza chungu kikiwa nusu, au kwa sababu mvuvi ametoka majini amelowa na upepo unakata, au kuna mtoto anayetetemeka, au mzazi mpya anayepaswa kukaa kwenye joto. Mara nyingi huingia kama jiko la mkaa ambalo limeshamaliza kupika, limekuwa makaa mekundu bila moshi, na kila mtu anaona ni ubadhirifu kuliacha nje lipoe bure. Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote katika suala hili: imani kwamba pasipo moshi hapana hatari. Ukweli ni karibu kinyume chake. Kuni mbichi zinatoa moshi unaokutoa machozi na kukufukuza chumbani kabla sumu haijakupata. Mkaa hautoi onyo hilo. Mkaa ni kaboni karibu tupu, na katika rundo la makaa hewa inayoingia chini hukutana na kaboni iliyowaka na kugeuka kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kutoka juu ikiwa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mwenye kupika kwa mkaa ameshaiona kazi yake bila kuijua: ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa jiko linaposhika moto vizuri ni kaboni monoksidi yenyewe inayoungua inapokutana na hewa. Makaa yakififia, mwali huo huzimika. Gesi haikomi kutoka, ila sasa haiungui tena. Saa ile jiko linapoonekana limelala ndiyo saa ya kuogopa.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Kilo moja ya mkaa katika jiko la kawaida hutoa kaboni monoksidi inayokaribia gramu 200, pengine zaidi. Tuchukue mabaki tu, gramu 100 za makaa zilizoachwa zififie kwa saa nne ndani ya hema la familia lenye mita za ujazo 30. Ikiwa hewa ya hema hilo inabadilika mara moja kwa saa, kama inavyoweza kuwa pindo likibanwa vizuri, kiwango kitapanda hadi karibu miligramu 160 kwa kila mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu asikae kwa saa 8 katika hewa yenye zaidi ya miligramu 10. Kiwango hicho cha 160 huenda kisimuue mtu mzima mwenye afya usiku huo. Kitamwamsha na kichwa kinachogonga na tumbo linalochafuka. Sasa weka jiko lililojaa, gramu 400, na hesabu inafika miligramu zaidi ya 600, ambapo kulala hadi asubuhi ni kuhatarisha roho. Na tusidhani kibanda cha makuti kimesalimika kabisa: hata hewa ikibadilika mara kumi kwa saa, yale mabaki ya gramu 100 bado yanatoa karibu miligramu 17. Tofauti ni kwamba makuti yamesamehe sehemu kubwa ya kosa. Turubai halisamehi.

Ndani ya mwili gesi hii hushika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwanafiziolojia wa Uingereza John Scott Haldane aliivuta yeye mwenyewe kwa makusudi katika miaka ya 1890 ili kuandika dalili zake, na yeye ndiye aliyependekeza wachimba migodi washuke na ndege wadogo ambao huanguka mapema kuliko binadamu. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Mtu wa Cabo Delgado akisikia orodha hiyo atataja ugonjwa mmoja, nao ni malaria. Hatakosea sana, maana malaria kweli imejaa huko. Lakini kila anayemeza dawa ya malaria asubuhi kisha akarudi jioni kulala na jiko lilelile anatibu ugonjwa asionao na kuulisha alionao. Kuna kipimo rahisi kisichohitaji maabara: ikiwa watu wote wa hema moja wameamka na kichwa kinauma, hawana homa, na wanapata nafuu wakikaa nje saa mbili tatu, basi chanzo ni hewa waliyolalia. Wapo watakaotafuta maziwa ya kumnywesha aliyezirai, kwa desturi ya kutibu sumu yoyote kwa maziwa. Sumu hii haikupitia tumboni, na kumnywesha mtu asiye na fahamu ni kumkaba. Kinachomfaa ni kutolewa nje mara moja. Katika hewa ya kawaida inachukua saa nne hadi sita ili nusu tu ya gesi iliyoshika damu itoke. Kwa oksijeni safi ya hospitali muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu. Kutoka Rongui hadi hospitali kuna bahari katikati, na mashua inategemea upepo na maji.

Upande wa Goma, mashariki ya Kongo, watu wanaijua hewa nyingine inayoua, wanayoiita mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini karibu na volkano, nzito, inayotuama mabondeni, hivyo mtoto na mbuzi huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama. Wenyeji wa huko wanajua kutolala bondeni. Lakini ujuzi huo hauwezi kuhamishiwa kwenye jiko la mkaa. Kaboni monoksidi inakaribia uzito wa hewa yenyewe na huchanganyika chumba kizima. Kulala chini mkekani hakusaidii, wala kulala juu kitandani.

Kuna mtu mmoja ambaye hesabu za juu hazimtendei haki. Damu ya mtoto aliye tumboni hushika kaboni monoksidi zaidi ya damu ya mama yake na huiachia polepole zaidi, kwa hiyo mama anaweza kuamka na kichwa kizito tu ilhali aliyembeba ameumia zaidi. Na desturi ya kumpasha joto mzazi kwa kuweka jiko karibu na kitanda, ambayo imetunza wanawake wengi wa pwani na bara, ilikuwa desturi ya nyumba yenye upenyo juu ya kuta. Ikihamishiwa ndani ya turubai inakuwa kitu kingine kabisa. Maji ya moto, kanga kavu na blanketi vinafanya kazi ileile ya joto bila kugusa pumzi ya mtoto. Wakunga na wanawake wakubwa wa kambi ndio wenye mamlaka ya kulisema hili likasikika. Karatasi ya ofisi haitawashinda, na wala haipaswi kujaribu.

Ushahidi kwamba tatizo ni badiliko la nyumba tunaupata mbali na Msumbiji. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme katika jimbo la Washington, Marekani. Watu kadhaa walikufa na mamia walitibiwa kwa kaboni monoksidi, na wahamiaji walikuwa wengi miongoni mwa walioathirika, Wasomali wakiwemo. Baadhi yao walikuwa wamezoea kupika kwa mkaa bila kudhurika vile. Kilichokuwa kipya kwao ni nyumba iliyozibwa kila upenyo dhidi ya baridi. Gazeti la Seattle Times lililazimika kuchapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Marekani ilikuwa tayari, tangu miaka ya 1990, imeamuru kila mfuko wa mkaa ubebe mchoro wa jiko ndani ya nyumba, ndani ya hema na ndani ya gari, yote yakiwa yamekatwa kwa alama ya X, ili hata asiyesoma aelewe. Kenya nayo, kila msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, magazeti huripoti watu waliokutwa wamekufa chumbani pamoja na jiko, na chumba hicho mara nyingi ni cha mabati na saruji. Mkaa unaouzwa kwa gunia Palma au Mocímboa hauna mchoro wowote.

Pingamizi la kwanza nitakalolisikia ni kwamba wazee wetu walilala na moto ndani na wakaishi hadi uzee. Sehemu ya jibu nimeshaitoa: hawakulala ndani ya plastiki. Sehemu nyingine ni kwamba hata wao walilipa, kwa macho mekundu na kifua kisichopona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na Msumbiji ni nchi ambayo zaidi ya tisa katika kila watu kumi hupika kwa kuni au mkaa. Kuishi hadi uzee hakumaanishi kwamba hakuna aliyezikwa mapema.

Pingamizi la pili ni mbu. Hili ni zito zaidi, kwa sababu anayesema kwamba moshi unamkinga na malaria hasemi upuuzi. Moshi mzito hupunguza mbu kiasi. Lakini tazama nini hasa kinaingizwa hemani usiku. Ni makaa yasiyo na moshi. Mbu wanaendelea na kazi yao, na mtu amepata hatari ya moto bila kinga aliyoitafuta. Anayetaka moshi wa kufukuza mbu auwashe nje, upande upepo unakotokea, jioni kabla ya kuingia kulala, kisha aingie ndani ya chandarua chenye dawa. Penye upungufu wa vyandarua, madai yaelekezwe huko kwenye vyandarua.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Tangu 2017 moto unaoonekana usiku katika pwani hii umekuwa hatari ya namna nyingine. Mtu aliyewahi kukimbia kwa mashua giza likiwa nene hatakubali kirahisi kuacha makaa yanayong'aa mahali panapoonekana kutoka baharini. Hofu hiyo ina sababu, na kumwambia aipuuze ni kumkosea. Lakini kuficha mwanga na kufunga hewa ni mambo mawili tofauti. Ukuta wa makuti au wa jamvi kuukuu, upande wa bahari na pande mbili za jirani, unaficha mwanga kikamilifu na kuacha upande wa nne na juu wazi kwa moshi. Kupika kabla ya magharibi na kufukia makaa kwa mchanga, yaani kuyafukia kweli hadi yasivute, kunamaliza sehemu iliyobaki. Giza lote la usiku linaweza kupatikana bila kuvuta chochote.

Wapo watakaosema tatizo ni umaskini, na dawa ni gesi ya kupikia. Ni kweli kwamba chini ya bahari iliyo mbele ya visiwa hivi kuna mojawapo ya hazina kubwa za gesi asilia zilizogunduliwa Afrika katika karne hii, na tangu Novemba 2022 meli zinaibeba kutoka mtambo unaoelea wa Coral Sul kwenda nchi za mbali. Kwamba mama wa Palma bado anapiga magoti mbele ya mafiga huku gesi hiyo ikipita mbele ya macho yake ni dhuluma, na inafaa kusemwa hivyo kila mara. Lakini hata siku atakapopata mtungi, jiko la gesi ndani ya hema lililobanwa litakula oksijeni ileile na linaweza kutoa sumu ileile. Jenereta ndogo ya petroli, ambayo kambi nyingi za wavuvi hutamani kwa ajili ya taa na simu, ni mbaya kupita yote: tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa husema moja tu inaweza kutoa kaboni monoksidi sawa na mamia ya magari. Kuificha ndani ya kibanda ili isiibwe au isilowe ni kosa linalorudiwa duniani kote. Mafuta mapya yatakuja, lakini kanuni ya hita ya mwindaji itabaki ileile: kila kinachoungua kipate hewa yake na kitoe moshi wake upande ambao watu hawalali.

Kwa nini basi tusilete hita zenyewe, au ving'ora? Hita hupasha joto tu, haipiki, na joto si shida ya Rongui. Pia inataka betri, dizeli, na fundi anayejua kubadilisha gasketi. King'ora ni kitu kizuri kwa mwenye tela na kwa nyumba za wafanyakazi, lakini betri yake ikiisha kisiwani kinakuwa pambo. Kinachowezekana leo ni turubai. Kifurushi cha makazi cha Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu kina maturubai mawili ya mita 4 kwa 6, pamoja na kamba na zana. Kwa kawaida yote mawili huishia kwenye chumba cha kulala, moja paa na jingine ukuta. Ninachodai ni kwamba nusu ya turubai la pili, yaani mita 4 kwa 3, itengwe tangu siku ya kugawiwa kuwa paa la jiko, na kwamba anayegawa aonyeshe pale pale jinsi ya kulisimamisha. Ukuta wa kulala unaopungua utazibwa kwa makuti, ambayo pwani hii inayo na ambayo, kama tulivyoona, yanapumua.

Atakayejibu kwamba familia iliyopoteza kila kitu haiwezi kukatiwa hata mita moja ya hifadhi, namwelewa, lakini haoni kinachotokea bila paa hilo: mvua ya kwanza inaufukuza moto kutoka nje na kuuingiza palipo na watoto. Paa la jiko ndilo linalolinda chumba cha kulala. Linalinda pia dhidi ya kuungua, kwani plastiki ya turubai huyeyuka na kudondoka ikiwaka moto, na ndani ya hema lililojaa watu mlango ni mmoja. Viongozi wa dago na kamati za uvuvi za vijiji wanaweza kuweka sharti hili katika taratibu za kambi pamoja na yale ya vyoo na maji, bila kusubiri shirika lolote.

Kilichobaki ni mpangilio. Paa la jiko likae hatua zisizopungua tano kutoka hemani, juu ya nguzo zinazomfika mtu kichwani, upande mmoja uwe juu zaidi ili moshi upate njia. Wakati wa kusi, upepo ukitoka kusini na kusini-mashariki, jiko liwe kaskazini ya hema na mlango wa hema usilitazame. Kaskazi ikigeuka mnamo Novemba au Desemba, nguzo zing'olewe na paa lihamie upande wa pili. Ni kazi ya watu wawili na haimalizi saa moja. Makaa yaliyobaki yafunikwe kwa mchanga hukohuko, na jiko lisiingizwe hemani mpaka limepoa kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu.